Ukungu wa Kahawia Kwenye Tangi la Bi Rukia

Msinicheke. Nimestaafu kazi na miaka thelathini na mitatu sijatimiza. Mgongo ndio ulionistaafisha. Miaka tisa nimebeba madumu ya maji ya bahari kutoka ufukweni Raskazone kuyapeleka vyumbani kwa watu, huyu anakaa ghorofani, yule mlango wake una ngazi kumi na mbili, mpaka siku daktari akaniambia nisinyanyue tena kitu kizito kuliko mtoto mchanga. Na mtoto mwenyewe sina. Basi nipo hapa barazani kwetu Mabawa, nasuka ukili wa mikeka, naota siku nitakayofungua chumba changu chenye matangi ya vioo ukuta kwa ukuta ili watoto wa shule waje waone bahari bila kulowa. Na nyinyi wadogo zangu mliochukua wateja wangu mnanijia kila mara na swali lilelile: dada Mwanaidi, ule ukungu wa kahawia dawa yake nini?

Nitawaambia. Ila kwanza mnivumilie niwaeleze nilivyoshtuka, maana mpaka leo sijamaliza kushtuka.

Mnaujua unavyoanza. Tangi la maji ya chumvi linang'aa, mchanga mweupe, mawe yamepangwa vizuri, samaki anapita akijidai. Kesho yake asubuhi mchanga una rangi kama umemwagiwa chai. Siku ya tatu kioo chote kimevaa vumbi la kahawia, ukipitisha kidole linatoka laini kama unga wa kakao. Unafuta, linarudi. Mara ya kwanza kuliona nilikuwa nimesafisha tangi la mteja Jumatatu, nikaitwa Alhamisi, nikasimama mlangoni na ndoo yangu nikidhani nimeingia nyumba siyo.

Aliyenifundisha kazi hii ni Kaka Elia, Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, mwimba kwaya. Kuogelea hajui, na akipanda boti hutapika kabla boti haijaondoka. Alijifunza matangi kwenye hoteli moja alikokuwa mtunza bustani. Mimi mtoto wa pwani, baba yangu mvuvi, mama yangu kafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, nikaenda kufundishwa bahari na mtu wa milimani. Nyumbani walicheka wiki nzima.

Na sababu ya kucheka niliwapa. Mwaka wangu wa kwanza niliona maji ya tangi moja yamepungua vidole vinne, nikayajazia maji ya bahari. Si ya bahari yamepungua? Naongeza ya bahari. Nilifanya hivyo mwezi mzima, mpaka konokono wakaanza kupanda juu ya kioo wakitaka kutoka nje. Kaka Elia akaja na kile kipimo chake cha chumvi, akakitazama, akakifuta, akakitazama tena. Akaniuliza mama yangu alikuwa akipataje chumvi shambani. Nikamwambia maji yanakauka juani, chumvi inabaki. Akanionyesha tangi kwa kidole. Jamani! Kitu nilichokiona tangu nalia njaa mgongoni kwa mama, sikukitambua ndani ya kioo. Maji yanayokauka ni maji matupu, chumvi inabaki ndani, kwa hiyo unarudishia maji baridi yasiyo na chumvi, nayo yawe safi, ya mvua au ya kuchuja, si ya kisima. Hilo likae kichwani.

Na ni yeye aliyenieleza kwamba ule ukungu si uchafu. Mimi nilijua ni kutu, au udongo. Akasema ni mimea, midogo mno huioni mmojammoja, na kila mmoja kajijengea gamba linalofanana na kioo. Nilishtuka nikaondoa mkono majini. Nilikuwa nafuta maelfu ya vitu hai kwa kitambaa! Akasema inakula kinachoyeyuka majini: chakula kilichobaki, kinyesi cha samaki, na vitu fulani vinavyotoka kwenye mchanga mpya au maji ya bomba. Tangi likiwa jipya, ukungu huja wenyewe na huondoka wenyewe baada ya wiki chache, wala usihangaike. Ila ukija kwenye tangi la zamani, alisema, jua kuna mtu analilisha.

Maneno hayo niliyasikia vizuri. Sikuyaelewa mpaka nilipofika kwa Bi Rukia.

Bi Rukia ni mjane, anakaa Raskazone kwenye nyumba ya zamani yenye madirisha marefu. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa meli bandarini, mzaliwa wa Muheza, kule kunakosifika kwa machungwa. Tangi lilikuwa la huyo mume. Ndani yake mlikuwa na samaki mmoja tu, mdogo, rangi ya chungwa lililoiva, mistari mitatu myeupe, na kwa ile rangi yake yule mzee alimpa jina la kwao: Muheza. Alikuwa na miaka tisa ndani ya kioo kile. Mzee alipofariki, Bi Rukia akaniita nilitunze tangi, akaniambia pale mlangoni kwamba ndani ya nyumba wamebaki wawili, yeye na Muheza. Mimi moyo wangu mwepesi. Nikalia kabla sijaweka ndoo chini.

Nilikuwa nikienda kila Jumanne, saa sita hivi za mchana. Tangi lipo chumba cha kulia chakula, ukutani, ukiwa mezani unaliona. Mwezi wa kwanza safi. Mwezi wa pili ukungu ukaanza. Nikafuta, nikanyonya mchanga kwa mpira, nikabadilisha sehemu ya maji. Ukarudi. Nikabadilisha ninapoteka maji, nikawa naingia mpaka kifuani wakati bahari imejaa, nikayachuja kwa kitambaa cha kuchujia tui. Ukarudi. Mwendesha bodaboda anayenibebea madumu akasema niukaushe niuze, wenzangu wanalima mwani baharini kwa kuinama, mimi unaniotea ndani kwenye kivuli. Mama akasema ndimu. Jirani yake Bi Rukia akasema hilo ni jicho la hasidi, tangi zuri vile haliachwi salama. Nilikaribia kumwamini.

Ikaja Ramadhani. Nikaweka pazia kwenye lile dirisha refu ili jua lisipige kioo, na wiki ya pili ya mfungo ukungu ukaanza kupauka, ya tatu ukaisha kabisa. Mchanga mweupe kama sukari. Nilijivuna kupita kiasi. Nikampigia Kaka Elia, wakati huo kahamia Arusha, nikamwambia nimegundua dawa, dawa ni pazia. Akaniuliza una hakika? Nikasema kabisa.

Wiki mbili baada ya Idd, pazia lipo palepale, kioo kimevaa kahawia tena. Nilikaa chini sakafuni.

Na balaa lilivyo, ndiyo wiki aliyokuja Salma, binti yake Bi Rukia anayefanya kazi Dar. Salma si mtu mbaya. Ila alisimama mbele ya lile tangi mkono kiunoni, akasema mama yake hawezi kuzeeka mezani na beseni la maji machafu, watu wanakuja kutoa pole wanakuta hivi. Akatoa muda. Atakuja tena Idd ya kuchinja. Akikuta pako hivyo tangi linatoka, na samaki atarudishwa baharini. Bi Rukia hakubisha. Alishika ukingo wa meza tu, na mimi niliona vidole vyake vinavyobadilika rangi.

Nyinyi mnajua samaki aliyelelewa miaka tisa kwenye kioo akirudishwa baharini anakuwa nini. Anakuwa chakula cha wa kwanza kupita.

Nikaapa moyoni. Badala ya Jumanne tu, nikaanza kwenda Jumanne na Ijumaa. Ukungu ukazidi. Nikaongeza Jumapili, mara tatu kwa wiki. Ukazidi tena! Nikawa naufuta mchana, na kesho kutwa Bi Rukia ananipigia kuniambia kwa sauti ya upole kwamba wageni wako wamerudi. Hiyo sijapata kuiona mahali popote. Kadiri nilivyosafisha ndivyo ulivyonenepa, na juu ya maji pakawa na utando mwembamba unaong'aa kama maji ya kuoshea sufuria. Siku moja ndani ya sifongo la kichujio nilikuta punje moja ya wali. Nikaitazama, nikadhani imeanguka kwenye ndoo yangu nyumbani. Nikaitupa. Dalili niliishika mkononi nikaitupa.

Kwa hofu nikafanya kosa kubwa kuliko lile la chumvi. Nililitoa sifongo nikalikamua chini ya bomba, nikaosha na mchanga, nikasugua na mawe, mpaka maji yakatoka meupe. Kwetu Mabawa mwanamke akisugua sufuria anasugua mpaka ajione. Kesho yake Muheza kalala ubavu kwenye kona, mdomo unafunguka na kufunga. Kaka Elia kwenye simu hakunigombeza, alishusha sauti tu, na hiyo ilinitisha zaidi. Akasema ndani ya lile sifongo na yale mawe waliishi wadudu wadogo wema wanaosafisha maji, na mimi nimewaua wote kwa maji ya bomba. Sifongo huoshwa kwenye maji yaleyale ya tangi uliyoyatoa, kwa kutikisa, basi. Nikabeba maji mapya ya bahari madumu sita siku ile, nikambadilishia kidogokidogo, nikamwomba mteja mwingine jiwe moja la tangi lake lenye wadudu hai. Bi Rukia alikaa kwenye kiti mbele ya kioo mchana kutwa na tasbihi yake. Siku ya pili Muheza akasimama wima. Nadhani mgongo wangu ulianza kwisha siku ile, na sijutii.

Zilibaki wiki tatu Idd ifike.

Sasa kuna jambo sijawaambia, kwa sababu nililiona dogo. Kila nilipokwenda kwa Bi Rukia ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na kila mara alinikaribisha. Ameshaweka sahani mbili mezani, wali wa nazi, mchuzi wa changu, bamia. Ananiambia karibu mwanangu, tule. Nami kila mara nasema ahsante bibi, nimeshiba. Sikushiba! Mara nyingi nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tu asubuhi. Lakini mama yangu alinilea hivi: mtoto wa watu hakubali chakula mara ya kwanza, wala ya pili, wasije wakasema anajua saa za kupakua za watu. Na Kaka Elia naye alikataza kula kwa wateja na mikono inanuka tangi. Basi nakataa kwa adabu, na Bi Rukia kwa adabu yake halazimishi. Ananiambia haya mwanangu, Mungu akupe nguvu. Nafungasha ndoo, naondoka, nikijiona binti aliyelelewa.

Jumapili moja niliondoka nikasahau kadi. Kadi yangu ya benki iliyokwisha muda, ndiyo nakwangulia kioo, maana chuma kinachimba kioo na kinakata ule mpira wa pembeni unaozuia maji. Nimefika njia panda nikakumbuka, nikarudi. Mlango ulikuwa wazi, pazia limetulia. Nikapiga hodi kwa sauti ndogo, nikaingia.

Bi Rukia kasimama mbele ya tangi, mgongo kwangu. Kifuniko cha tangi kimefunguliwa. Mkono wa kushoto kashika sahani, ile ya pili, ile yangu. Pembeni kaweka bakuli la maji. Anachukua kipande cha changu, anakisuuza bakulini, anakichambua kwa vidole vidogovidogo, anakidondosha. Na anaongea naye.

"Karibu Muheza. Mwenzio kakataa tena leo. Pilipili nimekuoshea."

Muheza alikuwa anacheza pale juu kama mtoto aliyeona mama yake karudi sokoni.

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani niliita bibi. Aligeuka, hakuona haya wala nini, akaniuliza nimesahau kitu? Nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Nikamuuliza anafanya hivi tangu lini. Akasema tangu nilipoanza kuja. Nikamuuliza kila siku? Akashangaa swali lenyewe. Hapana, siku nyingine hupika sahani moja, yake, na Muheza hula kile chakula chake cha kopo asubuhi, kidogo, kama marehemu alivyomzoesha. Ila siku nikija mimi hupakua mbili.

"Sahani nikishaikaribishia mtu siirudishi sufuriani, mwanangu," akasema. "Ndani ya nyumba hii hakuna mwingine wa kumpa."

Jamani. Nilipokwenda mara moja kwa wiki, samaki yule mwenye tumbo kama ncha ya kidole alikula sahani moja ya mtu mzima. Nilipokwenda mara mbili, sahani mbili. Mara tatu, tatu! Kile alichoshindwa kumaliza kikazama kikaoza, ukungu ukala ukashiba. Ramadhani ukungu uliondoka kwa sababu mchana hakuna aliyepakua. Pazia wapi! Utando juu ya maji ni tui. Ile punje ya wali ilikuwa yangu. Jicho la hasidi lilikuwa mimi na hiyo adabu yangu. Nilikuwa naisafisha nyumba kwa mkono mmoja na kuichafua kwa mdomo uliosema nimeshiba.

Nilishtuka mpaka nikacheka, nikacheka mpaka nikalia, na Bi Rukia akanifuata kwenye kulia bila kujua tunalia nini. Nikamweleza. Alipoelewa aliweka sahani chini polepole, akamtazama Muheza, akauliza kama amemuumiza. Nikamwambia hapana bibi, tumemnenepesha pamoja.

Kisha nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya kwa mteja. Nikanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikavuta ile sahani, nikala. Changu alikuwa amebaki nusu, nusu nyingine ipo mchangani. Ulikuwa mchuzi mtamu hata nikaona uchungu kwa zile Jumanne zote. Muheza alikuja mpaka kwenye kioo, akanikodolea macho muda wote niliokuwa nakula, na mimi namkodolea yeye. Mtu kanyang'anywa.

Kaka Elia nilipompigia alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Alitoka nje, nikamsimulia. Nikasikia kicheko ambacho nadhani waimbaji wenzake walikisikia pia. Akasema katika kazi yake ameshatibu ukungu kwa konokono, kwa kichujio, kwa maji ya mvua, ila kwa kumlisha fundi wali ni mara ya kwanza.

Wiki tatu zile nilikula Raskazone mara tatu kwa wiki. Nilinyonya mabaki ya mchangani kidogokidogo, sehemu ndogo kila mara, sikusugua jiwe hata moja. Konokono wanne nikawatia. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika na nilikuwa silali vizuri. Wiki ya pili ukungu ukaanza kuachia kwenye kioo kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Bi Rukia naye alibadilika, nguo zilianza kumkaa. Kumbe naye peke yake alikuwa akidokoa tu.

Idd ya kuchinja ilipofika, mchanga ulikuwa mweupe. Si mweupe wa sukari, kona ya nyuma palibaki doa moja la kahawia, sawa na kiganja, nikaliacha, konokono wale nini? Salma akaingia na mizigo yake, akambusu mama yake, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Akainama. Muheza akampandia mpaka usoni, akageuka, akamwonyesha mistari yake yote mitatu. Salma akasema baba yake alikuwa akimwita aje amwone samaki huyu na yeye kila mara alisema ana haraka. Neno la kulitoa tangi halikusikika tena.

Bi Rukia alikuwa ameshapakua. Pilau, sahani tatu, mvuke unatoka. Akamwambia binti yake karibu mwanangu, tule.

Salma bado yupo kwenye kioo. Bila kugeuka akajibu, kwa sauti nzuri kabisa, ya mtoto aliyelelewa:

"Ahsante mama, nimeshiba. Nimekula njiani."

Nikamwona Bi Rukia anaitazama ile sahani ya tatu. Nikaona mkono wake unaanza kuifuata, na jicho lake linakwenda kwenye kifuniko cha tangi. Kule kwenye kioo Muheza naye kashaona, anapanda juu.

Wadogo zangu, mgongo ulikuwa bado una nguvu siku zile. Niliruka kutoka kwenye kiti changu, nikamvutia Salma kiti cha pili, nikamshika mkono mtu ambaye hata hatujazoeana, nikamkalisha.

"Dada, tafadhali," nikamwambia, "kula. Nitakueleza ukiwa unatafuna."